Pepeta za Mtunda na Mkimbiaji Asiyekula

Kwanza niwaambie, mie sijakimbia hata siku moja, labda kuku akinitoroka na wageni washafika. Lakini nyie mnaokimbia zile mbio za kutoka jua halijachomoza mpaka linataka kuzama, na nyie wasichana mnaokuja kuwapikia, nisikilizeni mie. Miaka yote ile pale kambini Kibiti sufuria lilikuwa langu. Miguu yao, tumbo langu. Sasa magoti yamenikataa, nimekaa, napikiwa na wengine, na kila nikiletewa sahani nainusa kwanza.

Msicheke. Ile kazi ndiyo imenifanya hivi. Mpishi wa watu wa mbio ndefu akiona sahani imerudi na chakula, hasemi kashiba huyu. Wale hawashibi. Sahani ikirudi na chakula hapo pana jambo: ama anaumwa, ama kuna mtu anamlisha pembeni, ama ana neno na wewe. Mie nilikuwa nasoma sahani kama nyie mnavyosoma simu.

Aliyenitia kwenye kazi hiyo ni Mwalimu Hamza, kocha, mtu wa Dar. Alikuja huku kufuata joto letu na mchanga wetu. Alisema mwili ukishazoea kukimbia Kibiti, kwingine kote utaona umewekwa kivulini. Alinikuta stendi nauza uji na vitumbua, akanywa, akarudi kesho yake, akanywa tena. Siku ya tatu akaniuliza kama naweza kupikia watu wanaokula kama ng'ombe. Nikamwambia nimezaa wanaume wanne.

Alikuja na mfuko wa vipaketi vyenye kitu laini ndani, jeli anaita. Unachana, unafyonza huku unakimbia. Nikachana kimoja nikaramba. Kitamu kama dawa ya kikohozi ya watoto, kinanata kama utomvu wa fenesi. Nikamuuliza hiki kimekamuliwa kwa mnyama gani. Akasema hamna mnyama, sukari tu na chumvi kidogo. Nikamtazama. Sukari ninayo, chumvi ninayo, hicho kingine kilichoifanya inate ni nini? Akacheka, hakunijibu vizuri, na mpaka leo sijui.

Basi mie nikamletea pepeta. Nyie wa siku hizi mnaokula mikate ya nailoni, pepeta labda mmeziona kwa bibi zenu. Unachukua mpunga ambao haujakauka sawasawa, unaukaanga kwenye chungu mpaka uanze kuruka, unaumimina kinuni ungali wa moto, mnatwanga watu wawili, mchi kwa mchi, unabondeka bapabapa. Unapeta kwenye ungo makapi yaende zake. Dada yangu kaolewa Maparoni, kule wakienda kwenye madungu kulinda mpunga na ndege, kifurushi cha pepeta kinamkalisha mtu mpaka jioni. Mie nikasema, anayekaa juu ya dungu kutwa nzima anapigia ndege kelele na anayekimbia kutwa nzima wana tofauti gani? Wote wamejitafutia.

Mwalimu Hamza naye akazishuku pepeta zangu. Akanusa, akatia jinoni, akauliza nimetia nini. Hakuwapa watu kwenda nazo mbali mpaka alipowajaribisha kwenye mbio fupifupi. Na hapo alikuwa na haki, nyie mshike hili: tumbo nalo linafanya mazoezi. Kitu hujakila ukikimbia siku za kawaida, usikile siku ya mashindano hata kama kaleta malaika. Tukaendelea hivyo, mie naramba vyake, yeye ananusa vyangu, mpaka tukazoeana.

Makosa nimefanya. Siku moja, kesho yake wana safari ndefu, nikawaonea huruma nikawapikia maharage ya nazi, nazi nzito, na kambale juu. Wakala, wakanisifu, wakaniombea dua. Kesho yake hawajafika mbali, mmoja kaingia kichakani, wa pili kaingia, mwisho wote wamo ndani ya shamba la mikorosho, kila mtu na mti wake. Mwenye shamba alidhani amevamiwa na wezi wa korosho, akaja na panga. Tangu hapo, siku moja kabla ya safari ndefu, kwangu ni wali mweupe, samaki wa kuchemsha na ndizi. Nazi waisubiri mpaka warudi.

Haya, sasa niwape habari ya Shabani.

Shabani alikuja kutoka Mahege. Kijana mwembamba, mpole, kimya, na akikimbia husikii kishindo. Mwalimu alimpenda siku ileile. Alikuwapo na Seif, mkubwa wao, mtu wa maneno mengi, kakimbia miaka. Mwalimu alisema kwenye yale mashindano makubwa yanayokuja anao watu wawili wa kutegemea: Seif na huyu mtoto wa Mahege.

Lakini Shabani akawa anaanguka. Si siku zote. Zile safari za karibu anarudi anacheka. Ikiwa safari ya kutwa, ile ya kupita Mtunda, basi pale Mtunda palipo na meza yangu ya uji wananiambia kapita salama, na mbele kidogo, kwenye mikorosho mirefu, miguu inamwisha. Anakaa chini kama mtoto aliyenunishwa. Analetwa kambini kwa bodaboda, anatetemeka juani, midomo meupe. Mara ya kwanza tukasema joto. Mara ya pili Mwalimu Hamza akasema huyu hana kitu tumboni, chakula hakimfikii. Akasema hivyo ananiangalia mie.

Tangu siku hiyo akawa anakuja kusimama karibu na sufuria. Anaomba kuonja. Eti Bi Tatu, maji haya umechota wapi. Eti Bi Tatu, chumvi hii ndiyo ile ile. Kwa upole, lakini mie nimezeeka na masikio yangu. Halafu nikasikia stendi kwamba kaulizia kama kuna mama mwingine anayeweza kupikia watu wengi. Na Shabani naye kaambiwa, kuna safari moja ya mwisho kabla ya mashindano. Akianguka tena Mtunda, arudi Mahege akalime na kaka zake. Kwa hiyo tulikuwa wawili kwenye kamba moja, yeye miguu yake, mie jina langu. Sasa nani anatuharibia?

Nikaanza kushuku, na mie nikishuku nashuku kwa zamu.

Zamu ya kwanza nikampa Seif. Niliona anamsogezea Shabani kipande cha samaki kutoka sahani yake. Mtu wa mbio ndefu agawe samaki? Nikasema huyu anaogopa kijana atampita, kuna kitu anatia. Nikawa nahesabu mikono ya Seif kila wakila. Mikono misafi. Akaona namkodolea, akaniambia, "Bibi, ukitaka kuniposa sema, usinimalize kwa macho."

Zamu ya pili nikamshuku Shabani mwenyewe. Kambini kote wananiita Bibi. Bibi leta chai, bibi umependeza. Yeye peke yake ananiita Mama. Shikamoo Mama, anaisema yuko mbali, kainama, haniangalii usoni. Akitaka kwenda kisimani, na njia inapita mlangoni kwa jiko langu, yeye anazunguka uwanja mzima nyuma ya uzio wa makuti. Nikasema mwanangu, mtu anayekukwepa hivi ama kakuibia, ama kaambiwa wewe mchawi.

Zamu ya tatu, Mungu anisamehe, binti yangu. Mwanahawa, kitinda mimba wangu, alikuwa ananisaidia jikoni. Nikagundua sahani ya Shabani akiipeleka Mwanahawa inarudi imefutwa mpaka inang'aa. Nikiipeleka mie inarudi kama ilivyokwenda, katafuna pembeni tu kama kifaranga. Nikasema huyu mtoto anamtilia nini? Siku moja nikapakua mie, yeye akapeleka, mie nikabaki jikoni: ikarudi nyeupe. Siku nyingine akapakua yeye, nikapeleka mie, nikakaa pale kwenye kigoda changu mbele yao kama kawaida yangu, maana mie raha yangu kuwaona wanakula. Ikarudi imejaa.

Kwa hiyo si sufuria. Ni mie.

Nikamuuliza Mwanahawa, huyu kijana wa Mahege kaambiwa nini habari zangu? Mwiko ukamtoka mkononi ukaingia kwenye majivu. Akasema, "Sijui, mama," akainama kuutafuta, na akaendelea kuutafuta muda mrefu, na mwiko uko mbele yake.

Nikamshuku zaidi.

Safari iliyofuata nikaweka meza yangu Mtunda, uji wa mchele mwembamba wenye limau na chumvi, pepeta nimezifunga kwenye majani ya mgomba, fungu moja moja, saizi ya kiganja. Wakapita wote. Shabani simuoni. Kidogo nikaambiwa yuko mbele, kashaanguka. Kapita saa ngapi, na mie nipo hapa? Nikarudi nyuma kuangalia mchanga. Nyayo zake nazijua, kiatu cha kushoto kimelika ukingoni. Zinakuja barabarani vizuri, zikikaribia kukata kona ya meza yangu zinatoka njiani, zinaingia kwenye mikorosho, zinanizunguka mbaaali, zinatokea mbele.

Nikamwita Mwalimu Hamza; alipoziona alidhani kijana anakata njia. Tukazifuata. Hakupunguza, kaongeza. Mtu ana njaa, miguu inamuuma, anaongeza njia ili asipite kwenye uji. Mwalimu akanitazama. Usoni kwake niliona anafunga hesabu: kijana anamkimbia mpishi.

Niliumia, sitawaficha. Nikasema nimelea watoto wa watu, na sasa mtoto wa mtu ananiona mchawi.

Siku chache kabla ya ile safari ya mwisho nikashuka bondeni kwa jirani yangu kutafuta mpunga wa pepeta. Njia ya bondeni mnaijua, huku mpunga huku mpunga, katikati pa mtu mmoja. Mara namuona Shabani anakuja mbio peke yake, anajinyoosha miguu. Hapana pa kuzunguka. Nikasema leo ndiyo leo, tutasemana.

Aliponiona akasimama. Akavua kofia. Akashuka njiani akaingia kwenye tope, tope la Rufiji, likammeza mpaka magotini. Akageuza uso kule kwenye mpunga, akachuchumaa humohumo. "Shikamoo, Mama." Akakaa hivyo, anangoja nipite.

Nikapita na hasira zangu, hata marahaba sikuitikia vizuri. Nimekwenda hatua kadhaa, miguu ikasimama yenyewe. Hili tope nalijua. Huku kuchuchumaa nakujua.

Marehemu mume wangu alikuwa anafanya hivyo kwa mama yangu. Anaweza kuwa na mzigo wa muhogo kichwani, akimuona mama anakuja, anashuka njiani, hata iwe miba, anageuza uso mpaka mama apotee. Na chakula ndiyo kabisa. Kwa wazee wetu mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake. Hafungui kinywa anatafuna na mkwe anamwona. Mama yangu amekufa, hao wawili wamependana kama mtu na mwanawe, na hawajawahi kula wakionana.

Nikakaa chini palepale njiani, nikacheka mpaka kanga ikanidondoka. Ndiyo maana Mama, si Bibi. Ndiyo maana mwiko ulitafutwa ukiwa mbele ya macho. Huyu kijana alikuwa hajatuma mshenga, hajaleta barua, hajasema neno kwa mtu yeyote wa kwetu, lakini moyoni mwake keshaoa, na adabu keshaanza. Kajifanya mkwe kabla ya posa. Anaanguka kwa adabu.

Nikageuka nimtazame. Yumo kwenye tope bado, kanipa kisogo, anapapasa kiatu cha kushoto kilichozama.

Sasa nyie mnaona imekwisha. Haijaisha, ndiyo kwanza mgogoro. Nitamwambiaje kula, mwanangu, nakuruhusu? Nani kaja kuposa? Mama akianza yeye, anakwenda kumwombea binti yake mume, na hilo kwetu halifanyiki hata njaa iwe inaua mtu. Nikimwambia Mwalimu Hamza, atamwita kijana amseme mbele ya wenzake, na aibu itampeleka Mahege kabla ya miguu. Nikasema basi sitakwenda Mtunda, aende Mwanahawa na meza. Halafu nikafikiri: mie nisiwepo, Shabani ale, amalize vizuri. Mwalimu atasema nini? Atasema mnaona, alikuwa ni yule bibi. Nikiwepo hali. Nisipokuwepo, mie ndiye mchawi.

Nikawaza siku nzima, wali ukashika chini.

Jioni ile wakati wa kula nikapeleka sahani zote mie mwenyewe. Nikakaa kwenye kigoda changu palepale kama kawaida. Kisha nikakigeuza. Nikautazama uzio wa makuti kama nimeona kitu cha maana sana huko. Halafu nikasikia sahani inaguswa. Halafu vidole vinafinyanga tonge. Mwalimu Hamza akauliza kwa mbali kama naumwa shingo.

Sahani ya Shabani ikarudi imefutwa.

Lakini kula kambini umekaa ni jambo moja, na kula njiani ni jingine. Siku ya safari ya mwisho nikaweka meza Mtunda. Mwalimu alikuja kwa pikipiki, akasimama kando na saa yake, kaja kuona kwa macho yake. Nikajitanda kanga kichwani, nikaipa barabara mgongo, nikashika kikombe cha uji mkono mmoja na fungu la pepeta mkono wa pili, nikavipeleka nyuma kama mtu aliyefungwa pingu.

"Bi Tatu," Mwalimu akasema, "wakimbiaji wanatokea huku."

"Nawasikia."

"Sasa mbona unawapa mgongo?"

"Jua, mwalimu. Macho yangu."

Akatazama juu. Jua lilikuwa upande ule nilioelekea mie, limenikaa usoni. Akanitazama, na najua alinishuku kuliko siku zote.

Seif akafika wa kwanza. Akachukua uji, akaniuliza bibi umenuna au umenuniwa, akaondoka anatafuna. Wengine wakapita. Kisha nikasikia kile kiatu cha kushoto, kilikuwa kimefungwa kamba tangu siku ya tope, kinapiga mchanga kwa mlio wake. Kinakuja. Kinakuja. Pale anapokatia kona kikasimama.

Mie hapo moyo wangu ulikuwa mkononi pamoja na kikombe. Nilitaka kugeuka, wallahi nilitaka. Akiingia kwenye mikorosho, imekwisha, yeye Mahege na mie stendi. Sikugeuka. Nikasema na mkorosho uliokuwa mbele yangu. Nikauambia, "Uji unapoa."

Kisha kiatu kikaja, si mbio, taratibu, mpaka nyuma yangu. Kikombe kikanitoka mkononi kwa wepesi, kwa mikono miwili, nilisikia vidole vyake pande zote mbili. Nikamsikia anameza. Kisha pepeta. Pepeta zina kelele, haziliwi kwa siri, kraka kraka kraka, kijana ana njaa ya miezi. Akamaliza fungu, nikanyoosha mkono mezani bila kutazama, nikampa la pili. Akamaliza. Kikombe kikarudi kiganjani.

"Asante, Mama."

Akaondoka. Kishindo chake hukisikii, nimewaambia, ila ile kamba ya kiatu.

Nikasubiri maneno ya Mwalimu Hamza, bado nimempa mgongo. Kisha akakohoa akasema pole pole, kama anaongea na pikipiki, "Mie nikienda kwa wakwe zangu Tanga, nakula nikishatoka. Kuna mkahawa karibu na stendi, wananijua." Akawasha pikipiki, akakimbilia kule mbele kwenye mikorosho mirefu. Habari za mama mwingine wa kupika sikuzisikia tena.

Shabani alipita mikorosho ile kwa miguu yake, akarudi kambini kwa miguu yake, akaulizia kama kuna kiporo. Kwenye mashindano walinipa meza, na watu wazima na akili zao walimpiga picha bibi anayegawa uji kinyumenyume. Hakuwa wa kwanza, mbele yake alikuwapo Seif na wengine. Lakini alimaliza amesimama.

Na mshenga akaja kabla mavuno hayajaisha. Nani? Seif, kavaa kanzu, kapaka manukato. Kumbe anajua tangu siku ya kwanza. Yule samaki aliyekuwa anamsogezea mwenzake ni huruma, maana anaona ananyauka kwa heshima. Akakaa akaanza kuzunguka, mara mvua, mara bei ya korosho. Nikamwacha azunguke mpaka chai ikaisha, maana yule aliyemtuma naye alinizungusha sana.

Basi nyie wasichana mkipewa sufuria, pepeta zitwangwe zikiwa za moto, uji utiwe chumvi, nazi ingoje watu warudi. Na sahani ikirudi imejaa, kushuku shukuni, lakini mtazame na nani alikuwa kakaa mbele yake.

Mie sasa nina wajukuu kwa Shabani na Mwanahawa. Hao hawana adabu hata kidogo, wanakula mbele yangu mpaka wananilia na cha kwangu. Baba yao akija, nakigeuza kigoda. Uso wake akiwa anatafuna siujui, na nitakufa siujui. Lakini wapangeni wakimbiaji wote wa Kibiti nyuma yangu, mwape kila mmoja fungu la pepeta, mie nimetazama uzio. Nitawaambia yupi mkwe wangu.